Anatafutwa Mchunga Ng'ombe wa Kukaa

Jumatatu, 1 Septemba

Jude ametoroka! Alfajiri nimepiga filimbi ya paredi. Ng'ombe wamegeuka, Jude hakutokea. Nimekwenda kuangalia: kitanda kitupu. Blanketi ameliacha, limekunjwa vizuri, na gambuti zangu ameziosha na kuziweka mlangoni. Mtu anayetoroka na kuacha usafi nyuma yake ana dharau ya pekee.

Huyu ni wa nne mwaka huu. Kosa langu silioni. Kitanda anapewa, chakula anapewa, mshahara anapewa, baada ya kukatwa faini za haki: kuchelewa paredi, kucheka bila ruhusa, kutosimama wima mbele ya Jenerali. (Jenerali ni dume letu. Ng'ombe wote hapa wana vyeo.) Ni kweli kwamba mwisho wa mwezi hesabu ilitoka kwamba Jude ndiye mwenye deni kwangu. Lakini nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitamvumilia. Unamvumilia mtu, naye anakukimbia!

Mchana Madinah amepiga simu kutoka Arua. Mke wangu huyu yuko huko, mtaa wa Onduparaka, tangu mwanzo wa mwaka, kwa binti yetu Zaitun. Aliaga kwamba anakwenda kumsaidia na mtoto mchanga. Mtoto sasa anatembea, anafungua milango. Madinah aliuliza Jude hajambo. Nikasema hajambo, anawasalimu sana. Akasema ajabu, maana ametoka kuzungumza na Jude sasa hivi, yuko Koboko mjini anapakia matofali.

Nikakohoa.

Kisha akatoa masharti yake, bila hasira, jambo lililonitia hofu. Amechoka kuzomewa katika soko la Koboko na watu niliowafanyisha kazi. Amechoka kupikia wageni wanaoondoka kabla hajajua wametoka ukoo gani. Atakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Akimkuta mfanyakazi mmoja, mmoja tu, ambaye nimemlipa na bado yuko, atarudi nyumbani. Asipomkuta, atachukua cherehani yake, na mambo yaishie hapo.

Cherehani yake bado iko chumbani, imefunikwa kitambaa cha maua. Jioni nimekaa karibu nayo. Sikuwa na kazi nayo. Nyumba hii niliijenga yenye vyumba vitano, na vinne vinanisumbua.

Jumanne, 2 Septemba

Akili imefunguka! Nimeamka na mipango miwili.

Wa kwanza: nimevua mkanda wa cherehani. Cherehani bila mkanda ni meza tu, na nani atasafirisha meza mpaka Arua? Tatizo lilikuwa mahali pa kuuficha, maana Madinah anaijua nyumba hii mpaka chini ya godoro. Nimeufunga kwenye filimbi yangu na kuuvaa shingoni. Nani atampekua kamanda?

Wa pili: tangazo. Nimeliandika kwenye kipande cha katoni na kulibandika dukani kwa Concy, Koboko: ANATAFUTWA MCHUNGA NG'OMBE WA KUKAA. WA KUONDOKA WASIJE. RANCHI YA DRANYA. Concy aliniuliza mtu atajuaje mapema kwamba yeye ni wa kuondoka. Nikamwambia auze sukari yake.

Kwa bahati mbaya Swadiki alikuwa dukani. Swadiki ni jirani yangu, ng'ambo ya kijito. Alisoma tangazo kwa sauti, akacheka, akauliza hiyo ranchi ya Dranya ni ipi, mbona yeye anaishi Dranya na anaona mazizi tu. Nimeandika RANCHI kwenye geti! Geti lipo. Uzio utafuata.

Swadiki alikuwa askari kweli, miaka mingi, sajenti kamili, na leo anatembea na kandambili. Hana filimbi. Wafanyakazi wake watatu anakula nao sinia moja, na wamekaa kwake mpaka mmoja ameoa hapo hapo. Mimi nilikuwa raia, karani wa stoo kambini, kwa sababu ya nyayo zangu bapa. Lakini baba yangu alikuwa mwanajeshi, nimekulia kambini, na nidhamu ninaijua. Ng'ombe ndio nimeanza kuwajua nikiwa na mvi.

Jumatano, 3 Septemba

Amekuja mmoja. Anaitwa Angelo, mtu mzima, kwao ni upande wa Omugo. Ana mfuko mmoja, fimbo moja, na redio ndogo inayoning'inia kifuani kwa kamba. Nimemfanyia usaili kwa ukali. Yeye hakutaka kujua mshahara kwanza. Aliuliza nani anakula hapa.

Nikamweleza utaratibu. Kamanda anakula ndani, mezani, peke yake. Mfanyakazi anapika na kula jikoni, lile banda la kando. Ndivyo jeshini: maofisa hawali na askari.

Alifikiri kidogo. "Sawa, Afande," akasema. "Lakini chakula ya mutu moja haiwezi kuwa tamu."

Faini ya kutoa maoni bila kuulizwa nimeiahirisha, kwa kuwa alikuwa bado hajaajiriwa. Nimemwajiri. Ameanza mchana huu huu. Jenerali amemkimbia, lakini Jenerali anakimbia hata bata.

Ijumaa, 5 Septemba

Angelo anaongea na redio! Jana jioni palikuwa na mpira. Niko mezani na chai na mkate wangu, namsikia jikoni anamkatalia mtangazaji, anamwambia ile haikuwa kona, halafu anamweleza kipa alivyopaswa kusimama. Kisha akaanza kumsimulia huyo huyo mtangazaji habari za kaka yake aliyekwenda kuposa akakosea nyumba, akala, akanywa, akatoa na mbuzi. Hapo upepo ukageuka na mwisho sikuusikia.

Nimelala bila kujua yule kaka alifanya nini.

Na harufu! Maharage na simsim. Mkate wangu una siku tatu. Siwezi kwenda jikoni kwake hivi hivi, nitaonekana mtu ninayetafuta kampani. Kamanda hatafuti kampani. Lazima pawe na sababu ya kiofisi.

Jumatatu, 8 Septemba

Sababu imepatikana. Ukaguzi wa Chakula! Jeshi lolote lenye akili linakagua sufuria ya askari. Nimemtangazia Angelo kwenye paredi: kuanzia leo, kila jioni, kamanda ataingia jikoni kuhakikisha chakula hakitadhuru nguvu kazi ya ranchi.

Saa moja nimeingia na kofia. Nimeonja. Sikuridhika, nikaonja tena. Enyasa yake, ule ugali mweusi wa muhogo na mtama, ilinibidi kuikagua pande zote. Mwishowe sufuria ilikuwa nyeupe na Angelo amebaki na mwiko. Alicheka. Nikamwandikia faini ya kucheka. Halafu akanimalizia habari ya kaka yake, yule aliyeposa nyumba ya makosa: mbuzi hakurudishwa, kwa hiyo aliona bora amwoe binti wa nyumba ile ile, na sasa wana watoto sita. Nikacheka mimi. Faini zote mbili nimezifuta, ili hesabu zisichanganyike.

Kesho nitaingia na kigoda changu. Ukaguzi wa kusimama unaumiza nyayo.

Jumapili, 14 Septemba

Ukaguzi sasa unaanza saa kumi na mbili, kwa usahihi zaidi. Angelo anapika kwa wingi. Sijamwuliza kwa nini.

Madinah amepiga. Nimemwambia mtu yupo. Akauliza kwa muda gani. Nikamwambia sauti inakatika. Haikuwa inakatika hata kidogo; nilimsikia mpaka akishusha pumzi.

Jambo la hatari: mchana nimemwona Angelo kijitoni anaongea na Swadiki. Wanaonyeshana kitu kwa fimbo. Ananiibia mfanyakazi! Sajenti mzima! Nikaamua kupeleleza. Nimetambaa kwenye nyasi ndefu kutoka kwenye geti mpaka kwenye kichuguu, kwa tumbo, kama baba alivyokuwa akitusimulia. Nimefika karibu kabisa. Walikuwa wanazungumza habari za chumvi ya ng'ombe. Chumvi tu! Nikataka kurudi, kumbe nimelala juu ya njia ya siafu.

Nilisimama ghafla kuliko nilivyopanga. Swadiki aliniuliza natafuta nini. Nikasema nakagua nyasi. Akasema nyasi za huku zinauma, nivue suruali haraka. Ushauri ulikuwa mzuri, lazima nikiri. Jioni Angelo alinichemshia maji nijikande. Hakucheka mpaka mimi nilipoanza.

Ijumaa, 19 Septemba

Nilijua! Mambo mazuri hayakai kwangu.

Wakati wa ukaguzi Angelo amesema kwamba mwisho wa mwezi, akishalipwa, anaomba siku mbili aende kwao Omugo. Binti yake anapata komunyo ya kwanza. Kisha atarudi.

Atarudi! Wote walisema watarudi. Yule wa mwezi wa saba alisema anakwenda kununua sabuni. Nimekula bila kukagua vizuri.

Nimezunguka zizi, yaani ranchi, mara kadhaa nikifikiri. Nikimlipa, atakwenda na pesa na hatarudi. Nisipomlipa, atatoroka kama Jude. Madinah anataka aliyelipwa na ambaye yuko. Nitamlipaje mtu malipo ambayo hawezi kuondoka nayo? Nimemwuliza Meja swali hili. Meja ni ng'ombe mwenye busara kuliko wote. Alitafuna tu.

Nitasema ukweli kwa kuwa shajara ni yangu: si Madinah peke yake. Nimezoea kigoda kile.

Jumanne, 23 Septemba

Allahu akbar! Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, linanyonya.

Kuruta! Ndama wa Kapteni. Bado mchanga, ananyonya asubuhi na jioni. Kutembea mpaka Omugo hawezi. Kutenganishwa na mama yake hawezi. Na mama yake ni wangu! Nikimlipa Angelo kwa Kuruta, amelipwa, tena amelipwa vizuri kuliko mchunga yeyote Koboko nzima. Lakini mali yake imefungwa kwenye chuchu za mali yangu. Atakaa mpaka Kuruta aachishwe. Na mtu akishakaa mpaka hapo, amekaa. Nani ataondoka amwache ndama wake?

Wanaume wenye digrii Arua hawajafikiria jambo hili.

Nitamkabidhi hadharani, mbele ya mashahidi, ili asitokee wa kusema kwamba sikumlipa. Nitamwalika hata Swadiki. Aje aone jinsi ranchi inavyoendeshwa.

Ijumaa, 26 Septemba

Siku tukufu. Naandika kila kitu.

Baada ya swala ya Ijumaa wamekuja: Swadiki na wafanyakazi wake watatu, na mke wa yule aliyeoa. Nimepiga filimbi. Nimetoa hotuba juu ya uaminifu na adhabu ya watoro. Kisha nimeshika kamba ya Kuruta na kuiweka mkononi mwa Angelo, mbele ya macho ya wote, nikasema: huyu ni wako.

Nilitegemea makofi. Angelo alivua kofia. Aliitazama kamba, akanitazama mimi, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi. Macho yake yalikuwa na maji. Nilijua Kuruta ni ndama mzuri, lakini sikujua ni mzuri kiasi hicho.

Swadiki naye alinijia. Tangu tujuane hajanisifu. Leo kaniambia mbele ya watu kwamba siku hizi ni wachache wanaokumbuka heshima hii, yeye mwenyewe alidhani imekufa pamoja na babu yake. Sikujua ni heshima gani. Nilitikisa kichwa kama mtu anayekumbuka.

Jioni Angelo kachinja kuku wake mwenyewe, alimnunua kijijini. Hakuwasha redio. Tulikula polepole. Aliniambia sitasahaulika nyumbani kwake. Aliongea kama mtu wa msibani. Furaha humfanyia mtu hivyo.

Keshokutwa Madinah anakuja. Aliyelipwa, na yupo! Nimeifuta vumbi cherehani.

Jumamosi, 27 Septemba

Angelo ameondoka.

Hakutoroka. Alfajiri nilitoka kupiga filimbi nikamkuta ameshasimama wima uani, mara ya kwanza tangu aje, mfuko mgongoni, redio kifuani. Mkononi anamwongoza mtamba mwekundu, mkubwa, wa kutembea. Nikauliza ng'ombe wa nani. Wake. Amebadilishana na Swadiki jana jioni: Swadiki amechukua Kuruta, kwa kuwa ndama anayenyonya haendi Omugo, akampa mtamba, na tofauti kidogo Angelo atailipa baadaye. Nikauliza anakwenda wapi. Nyumbani. Kwa ruhusa ya nani?

"Wewe, Afande," akasema. "Si uliniachilia?"

Kisha akanieleza, kwa upole, kama vile mimi nilijua na nilitaka tu kusikia tena. Bwana akimwekea mchunga kamba ya ndama mkononi mbele ya watu, maana yake ni asante, umefanya vya kutosha, nenda salama kwa watu wako. Ndivyo baba yake alivyoagwa. Ndivyo babu yake alivyoagwa. Mshahara wa kawaida hutolewa kimya kimya. Alisema alishangaa kidogo, kwa sababu ni mapema, naye alikuwa amepanga kukaa mpaka kiangazi, na hata mwakani. Lakini mtu hapingi heshima kama ile.

Wote walijua! Swadiki alijua, wafanyakazi wake walijua, hata yule mke. Mimi niliyekulia kambini ndiye peke yangu sikujua kwamba nilikuwa namfukuza mtu kwa hotuba.

Angelo hakuondoka mara moja. Alisimama. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, neno dogo kabisa, lakini kamanda anawezaje kutengua amri yake mbele ya kikosi? Ng'ombe wote walikuwa wanatazama. Nikasema: sawa. Geuka nyuma. Mbele tembea.

Akageuka nyuma, mbele akatembea. Redio niliisikia mpaka kwenye kona ya barabara kuu.

Nimelia kidogo, kwa sababu ya moshi wa jikoni. Jiko halikuwa limewashwa.

Jumapili, 28 Septemba

Asubuhi na mapema nilivuka kijito kwenda kwa Swadiki na mpango wa dharura: anikopeshe mfanyakazi mmoja mpaka jioni, ajifanye wangu. Swadiki akakataa. Akasema hata hivyo atakuja mwenyewe kumwona Kuruta, kwa kuwa ni mali yake na ana haki ya kumwona kila siku. Sikuwa nimeifikiria haki hiyo.

Madinah alifika kabla ya adhuhuri na bodaboda. Nilimpokea kwa filimbi, mlio mrefu wa heshima. Nikaona vitu alivyobeba. Begi kubwa, lile la safari. Na jora la kitambaa cha kijani. Mtu anayekuja kuchukua hakuji na mizigo!

Akauliza mfanyakazi yuko wapi. Nilikuwa nimeandaa jibu kwamba yuko Koboko anafuata dawa ya kupe. Kabla sijafungua mdomo, Swadiki, aliyekuwa anamkuna Kuruta shingo, akamweleza yote: Baba Zaitun amemwachilia mchunga wake kwa kamba ya ndama, mbele ya watu, kama wazee wa zamani.

Madinah alikaa kwenye kigoda. Akasema tangu anioe, yaani tangu nimwoe, hajaniona nikitoa kitu kisicho na ndoana ndani yake. Akasema mfanyakazi hayupo, sawa, lakini hili ni bora kuliko alilotaka.

Begi likaingia ndani. NDANI! Nililibeba mwenyewe.

Tulikula pale pale jikoni, watatu, sinia moja. Madinah alipika enyasa na samaki mkavu. Swadiki alisimulia habari ya siafu, na Madinah alicheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Nilifikiri: nisiseme neno lolote, nisiharibu.

Kisha akasema madirisha ya nyumba hii yako uchi, ndiyo maana alinunua kitambaa. Anataka kuanza mapazia leo leo. Akafunua cherehani.

Akatafuta mkanda. Akatafuta ndani ya droo, chini ya meza, chini ya godoro. Akaniuliza. Nikasema panya. Akauliza tangu lini panya wa Dranya wanavaa filimbi.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba uko shingoni.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alikuja akaufungua taratibu, vidole vyake vikanigusa shingo, akautoa kwenye filimbi, akaurudisha kwenye gurudumu, akalizungusha kidogo kuhakikisha. Cherehani ikalia vizuri. Akauliza kwa nini niliuficha.

Jibu nilikuwa nalo. Kwa sababu sikutaka uondoke. Maneno matatu manne tu. Nikasema: kwa usalama wa vifaa.

Akatikisa kichwa, akakunja jora lake. Akasema na Angelo bila shaka nilimpa ndama kwa usalama wa vifaa. Swadiki alichukua fimbo yake akatoka kimya, na siku moja nitamshukuru kwa hilo.

Begi nililibeba tena mpaka kwenye bodaboda. Cherehani hakuichukua. Alisema ibaki inipe kampani, kwa kuwa ndiyo niliyoamua kuifunga. Alipokwisha panda, akafunga mtandio, akasema:

"Baba Zaitun, ungeniambia tu kaa."

Kisha akamgusa dereva begani.

Jumanne, 30 Septemba

Napona. Mtu mwenye mipango hafi.

Swadiki anakuja kila jioni kumwona ndama wake. Ni haki yake, siwezi kuizuia. Anamtazama ndama kwa muda mfupi, halafu anakaa na sahani hadi giza. Anasema Kuruta anakua haraka, kabla ya Krismasi ataachishwa, atamhamishia kwake. Nimemkagua Kuruta. Ni kweli, anakua ovyo ovyo, bila nidhamu. Kuanzia kesho nitamfukuza kwenye majani, aendelee kunyonya. Ikibidi mpaka mwakani.

Mchana Angelo amepiga simu kutoka Omugo! Komunyo ilikwenda vizuri, watu walikula, mtamba yuko salama. Akamwulizia Meja, Kapteni, hata Jenerali. Akasema bado hajapata kazi nyingine. Kisha akanyamaza. Nikanyamaza mimi pia. Tulinyamaza vizuri sana, nilimsikia anavyopumua na redio ikiongea nyuma yake.

Lakini mimi si mjinga. Anayeomba kwanza ndiye anayelipa zaidi! Nikamwambia nafasi ziko wazi kwa wote, walioomba ni wengi, na yeye aandike maombi kama wengine.

"Sawa, Afande," akasema.

Mpaka sasa hakuna aliyeomba.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimegundua kosa! Nimeligundua mwenyewe, bila msaada wa mtu, nikiwa natafuna mkate.

Kosa lilikuwa kwenye tangazo. Nilitafuta mtu wa kukaa, kwa hiyo wakaja wa kuondoka. Binadamu ni mbishi. Nikitafuta wa kuondoka, watakuja wa kukaa! Nimekwenda Koboko, nimebandua katoni ya zamani na kuweka mpya: ANATAFUTWA MCHUNGA NG'OMBE WA MUDA MFUPI SANA. WANAOTAKA KUKAA WASIJE. Concy aliisoma mara mbili, akauliza hasa mimi nataka watu waje au waende. Nikamwambia hiyo ni siri ya ranchi.

Kwa Madinah nimetuma ujumbe kwamba cherehani imepata hitilafu, fundi anataka mwenye mali aje mwenyewe na apange kuitazama kwa wiki kadhaa. Hajajibu. Mtandao wa Arua ni mbaya.

Jioni mvua imenyesha, kijito kimejaa, Swadiki hakuweza kuvuka kumwona ndama. Nimewasha jiko la Angelo, nimepika maharage na simsim. Kisha nimetoka nje, nimevaa kofia, nimengoja kidogo, nimeingia kufanya ukaguzi. Chumvi imezidi, na chakula ni kingi mno kwa mtu mmoja. Nimempa mpishi onyo kali. Hakujitetea. Nikamhurumia, nikamwambia anaweza kukaa.